Pikapu ya Baba Ilipoacha Kuvuta Pumzi

Mpaka leo nikipanda ule mlima wa kwa wakwe zangu, kule juu ya Magara, nashusha kofia mpaka kwenye nyusi, na bado watoto wananitambua, wanakimbia kandokando ya gari wakipiga kelele "Mukwe Turbo! Mukwe Turbo!", na mke wangu Consolate aliyekaa pembeni yangu anawapungia mkono kana kwamba ni jina la heshima. Sasa kwa kuwa mmeniuliza jina hilo nimelipata wapi, na kwa kuwa nisiposema mimi atawasimulia Mama Feza na kuongeza chumvi (na yule akishaongeza chumvi yake, samaki mwenyewe humuoni tena), basi bora niseme mwenyewe, ila msinitazame sana usoni.

Marehemu baba yangu, Yakobo, alituachia pikapu moja nyeupe ya dizeli. Aliinunua imeshatumika, kule Kigoma, miaka ya mwisho ya ukimbizi wetu, na tuliporudi Burundi tulirudi nayo, magodoro juu, mbuzi nyuma, mimi nimekalia gunia la maharage naona nchi ambayo nilikuwa naisikia tu kwenye hadithi za wazazi. Tulipofika Rumonge akaanza kubebea mapipa ya mawese, na alfajiri anapitia Magara kuwachukua akina mama wachuuzi wa samaki na mabeseni yao ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, anawapeleka sokoni Bujumbura. Mimi nilikaa katikati, gia ikiwa baina ya magoti yangu, na harufu ile ya mawese, ndagala na dizeli, mazout tunavyoiita sisi, vikichanganyika (wengine wataziba pua, najua), nikiinusa leo popote nilipo, namuona baba yangu mzima kabisa, na shati lake la mistari.

Sasa ile pikapu ilikuwa na turbo, lakini turbo yenye tabia zake. Kwa wasiojua, turbo ni kama kifeni kidogo kinachozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nacho kikizunguka kinasukuma hewa nyingi ndani, injini inapata nguvu. Shida ni kwamba unapoanza kukanyaga mafuta moshi bado ni mchache, kifeni kinazubaa, wewe umekanyaga mpaka mwisho na gari linanung'unika tu, halifanyi kitu, halafu ukishakata tamaa unasikia mluzi, fiiii, na linakurusha mgongo kwenye kiti. Ile ya baba ilikuwa inazubaa kuliko zote nilizowahi kupanda. Yeye hakukasirika hata siku moja. Alikuwa anakanyaga, anatoa kichwa dirishani, anawaambia watu, "Subirini, anavuta pumzi," na katika kale kanafasi kadogo anasalimia kila aliye barabarani, "Amahoro, mama! Mutoto amepona? Amahoro, mwalimu!", mpaka turbo iamke.

Na watu walishaizoea. Kwenye milima yenye matope abiria walikuwa wanashuka wenyewe bila kuambiwa, wanaweka mikono nyuma ya gari, baba anakanyaga, wao wanasukuma wakati gari linavuta pumzi, wakisikia mluzi wanarukia bampa na kuning'inia. Hakuna aliyewafundisha. Miguu yao yenyewe ilikuwa inajua ni muda gani.

Baba alipofariki pikapu ikawa yangu na kazi ikawa yangu, na hapo ndipo nikampata Consolate, binti wa Mzee Samweli, mwalimu mstaafu. Siku ya kwanza kwenda kujitambulisha kwao nilivaa shati jeupe, nikapanda mlima, na mbele kabisa ya ua wao pikapu ikaamua kuvuta pumzi. Ikazubaa. Ikarudi nyuma kidogo. Majirani waliokuwa wameketi ukutani wakacheka, mmoja akasema kwa sauti, "Gari yake inafikiri kwanza!" Mzee Samweli hakucheka, lakini mimi niliona aibu mpaka masikio yakawa moto, nikaapa moyoni kwamba siku ya kuleta mahari gari hili halitafikiri.

Nikaanza kuutafuta ugonjwa. Usiniulize nimetazama video ngapi kwenye simu! Niliambiwa nianze na mabomba ya hewa, nikakuta mpira mmoja una ufa, hewa inayotakiwa kuingia kwenye injini inatorokea hapo, nikaubadilisha, nikakaza klipu zote. Nikasafisha chujio cha hewa, kikatoa vumbi la barabara yetu ambalo pengine lilikuwemo tangu baba yuko hai. Nikajifunza kutong'ang'ania gia kubwa mlimani, nishuke mapema ili injini izunguke haraka na turbo isilale. Na kweli gari likabadilika, pumzi ikawa fupi. Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo, akaosha mikono, akaenda kula.

Lakini nilishaonja. Video moja ikaonyesha kwamba kwenye dizeli za zamani kama yangu, juu ya pampu ya mafuta kuna skrubu, ukiizungusha kidogo tu injini inapewa mazout nyingi zaidi hata kabla turbo haijaamka, moshi unakuwa mwingi na wa moto, na turbo inaamshwa kwa nguvu. (Mazout yenyewe ndiyo hii tunayoipangia foleni mpaka tunalala kituoni, na mimi nataka kuimwaga ili wakwe wanione, hapo mnaweza kupima kichwa changu.) Nikafungua. Pale kwenye skrubu nikakuta kadoa kekundu ka rangi ya kucha, kamepakwa nusu juu ya skrubu nusu juu ya pampu, kuonyesha inapotakiwa kukaa. Nikasema huyo ni fundi fulani wa Kigoma, alikuwa mwoga. Nikazungusha kidogo, nikaenda kujaribu kwenye njia ya bandarini, gari likaitika. Nikarudi nikazungusha tena. Likaitika kabla sijamaliza kukanyaga! Nilipiga honi peke yangu kwa furaha, na uamuzi mmoja mdogo nikaufanya hapo hapo, ndio ulioniponza: sikumwambia mtu. Nilitaka washangae.

Siku ya mahari ikafika, na usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Tukapakia makreti ya bia na ya fanta na mtungi mkubwa wa impeke, ile pombe ya mtama ambayo bila hiyo wazee hata hawafungui mdomo, tukafunga mlango wa nyuma kwa kamba maana kitasa chake kilishakufa. Mbele akakaa Tonton Zakaria, mdogo wake baba, msemaji wetu, na fimbo yake na kofia yake na maneno yake ambayo alikuwa anayafanyia mazoezi wiki nzima. Nyuma wakakaa shangazi zangu, wamevaa imvutano, yale mavazi ya sherehe ya kufunga begani, nyeupe zilizopigwa pasi.

Niwakumbushe mila, maana hapa ndipo kisa chote kilipo. Mwanamume anayeoa haji mbele. Msemaji wa upande wake ndiye anatangulia na familia, wanabisha, wanakaribishwa, wanatania, wanaomba, wanazungushwa weee, na binti akishatolewa kwa maneno ndipo yule kijana anaitwa kutoka huko alikojificha, anaingia kichwa chini. Lakini hakuna mwingine aliyeweza kuendesha ile pikapu, kwa hiyo tulikubaliana: nitapandisha mzigo mpaka chini kidogo ya ua, pale penye tambarare, nisimame, nijifiche ndani ya gari, wao waendelee kwa miguu.

Magara tulisimama kumchukua Mama Feza. Huyu ni Mkongomani wa upande wa Fizi, alivuka ziwa zamani, na tangu mama yangu afariki yeye ndiye anasimama upande wa mama. Alikuwa mteja wa kwanza wa baba pale ufukweni. Akaweka mguu mmoja kwenye bampa kama kila siku, mwingine bado uko chini, anasubiri pumzi, mimi nikagusa mafuta, gari likaondoka! Akaning'inia, shangazi zangu wakamvuta kwa mikono na kitambaa cha kichwa kikabaki barabarani.

"Eli! We mutoto!" akapiga kelele. "Gari iko na nini leo? Iko inaniacha!"

"Iko na nguvu, mama!" nikamjibu, nacheka.

"Baba yako alikuwa ananingoja," akasema, na hakucheka.

Ningesikia hapo, leo ningekuwa naitwa Eli tu.

Tukafika chini ya mlima. Udongo mwekundu, umelowa. Juu kabisa unaona ua wa Mzee Samweli, hema jeupe, lango la majani ya migomba na maua, na watu wamejipanga wanatutazama, maana siku kama hiyo hakuna anayekaa ndani. Watu wangu wakashuka wenyewe, kama zamani, hata Tonton Zakaria akashuka (akasema msemaji wa kweli anasukuma), wakazunguka nyuma, wakaweka mikono kwenye mlango wa nyuma na kuegemeza uzito wao wote, imvutano nyeupe zimejipanga. Nikawaona kwenye kioo. Nikajisemea, leo mtaona.

Nikakanyaga.

Gari halikuvuta pumzi yoyote. Liliruka! Na wale waliokuwa wameegemea, wakawa wameegemea hewa, wakaanguka kifudifudi kwa mstari mmoja kwenye matope, shangazi, Mama Feza, msemaji na fimbo yake, halafu ekzozi ikawatapikia moshi mweusi, mzito, ikawafunika wote mpaka nikawa siwaoni kwenye kioo. Kamba ikakatika. Nikasikia kreti ya kwanza, paa! Nikasikia ya pili. Mtungi wa impeke ukafuata, na ule haukupasuka mara moja, uliteremka kwanza ukibingirika.

Mtasema kwa nini sikusimama. Kwenye ule mlima ukisimama katikati ya matope unateleza kurudi nyuma, na nyuma kulikuwa na ukoo wangu mzima umelala chini. Baba alinifundisha, likishashika usiachie mpaka juu. Kwa hiyo sikuachia. Nikapita ile tambarare tuliyokubaliana, sijui hata niliipita saa ngapi, nikapita kwenye lango la majani ya migomba, nikaingia nalo, nikakanyaga breki katikati ya hema, mbele ya kiti cha Mzee Samweli, jani la mgomba limelala kwenye kioo na maua yananing'inia kwenye vioo vya pembeni. Injini inanguruma.

Mimi, mwoaji, nimefika wa kwanza. Peke yangu. Bila msemaji, bila shangazi, bila hata chupa moja ya fanta.

Mzee Samweli ananifahamu vizuri, nimeshakula kwake mara nyingi, lakini siku hiyo akaniuliza kama mgeni, "Amahoro, kijana. Wewe ni nani?"

"Ni... mimi Eli, mzee."

"Umekuja kufanya nini hapa?"

Ningejibu nini? Mwoaji hajiombei!

"Na familia yako iko wapi?"

"Wako... wako chini wanakuja."

Watu wakapasuka kwa kicheko, bibi mmoja akashika mbavu akaomba maji. Nikainua macho, dirishani nikamuona Consolate nyuma ya pazia, na yeye hakuwa anacheka. Ameziba mdomo kwa mkono na macho yamejaa machozi. Hapo ndipo niliogopa kweli, maana kuchekwa na kijiji ningevumilia, lakini kumkosa yule binti kwa sababu ya skrubu!

Ndipo wakatokea langoni watu wangu, kwa miguu. Mbele wekundu kwa matope, na juu ya uwekundu weusi wa moshi, kinachoonekana ni macho na meno. Tonton Zakaria kofia haipo, fimbo nusu. Lakini msemaji ni msemaji, akajinyoosha, akaanza: "Wazee wetu, amahoro. Sisi tulimutuma huyu mutoto atangulie, aangalie kama mutu amelala..."

"Zakaria, ngoja kwanza," Mzee Samweli akamkata. Akasimama, akaweka mkono juu ya boneti ya moto. "Hii gari ni ya Yakobo. Alikuwa anapita hapa chini akienda kuchukua mawese, na mimi niko hapa juu nasikia inanyamaza kidogo, najua sasa anasalimia watu. Mara nyingi alinisalimia mimi. Leo imepita njia yote, haikusalimia mutu, watu wake imewatupa kwenye matope. Mutu ambaye hawezi kungoja shangazi zake, atamungoja vipi mutoto wangu, siku akiwa mugonjwa, siku akiwa muzito?"

Hakuna aliyecheka tena. Tonton akaificha ile nusu ya fimbo nyuma ya mgongo.

"Irudishe vile Yakobo aliiacha," mzee akasema. "Halafu murudi chini, mupande vizuri, na wewe ubaki mahali pako. Kama unaweza, tutaongea. Kama huwezi, murakoze, asanteni, kila mutu na kwake."

Basi nikafungua boneti pale pale chini ya hema, suti yangu ya kukodi, spana mkononi, wageni wamenizunguka. Jasho linaniingia machoni, siioni ile alama vizuri. Mama Feza akaja akainama kando yangu, uso mweusi tititi, akanyoosha kidole.

"Hiyo rouge pale, ndiyo unarudisha. Hiyo verni iko yangu."

"Yako? Ya kucha?"

"Baba yako naye aligeuza hiyo kitu zamani, alikuwa anataka gari ikimbie. Ikanimwaga pale Magara na beseni yangu yote ya ndagala. Akaokota moja moja pamoja na mimi. Kesho yake akaniomba verni, akarudisha, akapaka hapo, akasema sasa itakuwa inawangoja." Akanipangusia jasho kwa ncha ya kitenge chake, akazidi kunipaka weusi. "Unalia nini sasa? Kaza skrubu."

Miaka yote ile nilidhani baba alikosa pesa za kutengeneza turbo. Kumbe alijua vizuri tu inavyotengenezwa, akaamua kuiacha izubae.

Tukarudi chini, tukaokota makreti yaliyopona. Watu wangu wakaweka mikono nyuma tena, wale wale, na uchafu wao, hakuna aliyekataa. Nikakanyaga. Gari likanung'unika, likazubaa. Na katika ule ukimya nikasikia nyuma sauti ya Mama Feza, kwa mlio ule ule wa baba, "Subirini, anavuta pumzi!" na shangazi zangu wote wakaitikia, "Anavuta pumzi!" Sikuwa nimeyasikia maneno hayo tangu tumzike. Nikatoa kichwa dirishani maana sikujua nifanye nini kingine, nikawasalimia waliokuwa kandokando ya njia, "Amahoro, mama! Amahoro, mzee!", na wale wale walionicheka wakanijibu mmoja mmoja. Halafu fiiii, miguu ikarukia bampa, pa, pa, pa, wote. Nikasimama kwenye tambarare, nikazima, nikalala kwenye kiti nisionekane.

Nilisikia kila kitu kutoka huko chini. Tonton aliomba vizuri kuliko alivyofanya mazoezi, akamaliza, akanyamaza angojee jibu. Jibu halikuja. Nikasikia mbuzi, nikasikia hema linapigwa na upepo wa ziwa, nikasikia Tonton anakohoa. Nikasema basi, imekwisha, na mikono yangu ilikuwa imeshika usukani wa gari lililozimwa. Ndipo nikasikia sauti ya Mzee Samweli, taratibu kabisa:

"Subirini. Navuta pumzi."

Hema zima likalipuka kwa vigelegele, na muda si mrefu wakaja kuniita.

Ile skrubu sitaigusa tena maisha yangu yote, nawaapia. Consolate ameipaka verni yake mpya juu ya ile ya Mama Feza, na mafundi wa Rumonge wote wameonywa. Mabomba nakagua, chujio nasafisha, gia nashuka mapema, hiyo ni haki ya gari. Lakini pumzi yake naiacha. Isitoshe Mama Feza siku hizi amezeeka, magoti hayamtii, pumzi ya gari peke yake haimtoshi kupanda. Kwa hiyo Magara sikanyagi kitu. Natoa kichwa dirishani, nawasalimia wote waliopo ufukweni, wakiisha nawasalimia tena, mpaka nisikie amekaa, ameweka beseni lake, na amesema mwenyewe, "Haya Eli, twende."